Jicho la Nani? Mizani, Sungusungu na Kamera za Dukani Bariadi

Mwaka jana, msimu wa ununuzi wa pamba ukiwa umechangamka, shemeji yangu alivunjiwa duka mjini Bariadi. Ni duka dogo. Upande mmoja anauza pembejeo na vipuri vya pikipiki. Upande wa pili kuna dirisha la uwakala wa fedha za simu, ambalo hukaliwa na kijana aliyemwajiri. Wezi walitoboa ukuta wa nyuma usiku umeme ulipokatika, wakachukua simu za kazi, betri tatu na fedha zilizosalia kwenye droo. Shemeji hakupiga kelele. Alipanda basi la alfajiri kwenda Mwanza, akarudi jioni na boksi lenye kamera janja tatu, ruta ya laini ya simu na betri ya akiba. Kisha akanipigia: “Shemeji, wewe ndiye msomi wetu. Njoo tufunge hivi vitu.”

Mimi hufundisha historia, si umeme. Hata hivyo nilikwenda. Kazi yenyewe tuliimaliza kwa siku mbili, na nitaieleza baadaye kwa sababu ina mafunzo yake. Kilichonisukuma kuandika makala hii kilitokea wiki ya tatu baada ya kazi hiyo.

Usiku, yapata saa nane, simu ya shemeji ililia arifa. Kamera ya nyuma ilikuwa imenasa mtu aliyejifunika kofia ya koti akipita kando ya ukuta. Alisimama, akaigusa kufuli ya mlango wa stoo, akaondoka. Hakuiba kitu. Asubuhi picha ile ilikuwa tayari kwenye kundi la wafanyabiashara la WhatsApp, na kabla ya saa mbili ilikuwa imeshapewa jina. Mtu mmoja aliandika kwamba anamjua kijana huyo “kwa mwendo wake”: ni dereva wa bodaboda wa mtaa wa pili. Ilipofika saa nne, wanaume wapatao kumi na watano walikuwa mbele ya duka, wawili wakiwa na fimbo, wakishauriana namna ya kwenda nyumbani kwa mama wa kijana.

Hapo ndipo alipofika mzee mmoja jirani, akiikokota baiskeli yake. Mzee huyu aliwahi kushika wadhifa katika sungusungu la kijiji chake miaka ya 1980. Aliomba aonyeshwe picha. Aliitazama kwa muda mrefu, akairudisha simu, kisha akauliza swali la kwanza: “Nani kati yenu ameuona uso?” Hakuna aliyejibu. Akauliza la pili: “Na hili jicho lenu likikosea, nani atatozwa ng’ombe?”

Baadhi walicheka. Lakini mguu wa safari ulikuwa umeshavunjika. Waliketi wakabishana, na kabla ya adhuhuri ilithibitika kwamba kijana yule alikuwa amempeleka abiria Lamadi tangu jioni na kulala huko huko, mbele ya mashahidi. Sijui nini kingetokea kama mzee angechelewa kwa saa moja. Ninajua tu kwamba nchini mwetu watu wameuawa kwa ushahidi mdogo kuliko ule.

Nimejaribu kulijibu swali la mzee kwa njia ninayoifahamu. Hoja yangu ni kwamba watu wa Simiyu hawakuanza kulindana siku kamera zilipofika. Wamekuwa na macho ya ulinzi kwa vizazi vingi, na katika kila kizazi swali zito limekuwa lile lile: jicho hili ni la nani, na linawajibika kwa nani?

Macho kando ya mizani

Tuanze na pamba, kwa kuwa katika nchi ya Wasukuma mambo mengi huanzia hapo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkulima wa Kanda ya Ziwa alipeleka pamba yake kwa wanunuzi binafsi, wengi wao wafanyabiashara wa asili ya Kiasia, waliokuwa na leseni ya serikali ya kikoloni. Mnunuzi ndiye aliyekuwa na mizani, ndiye aliyeisoma, ndiye aliyeandika uzito. Malalamiko ya kupunjwa yalikuwa mengi, na mkulima hakuwa na pa kuyapeleka, kwani aliyemtuhumu ndiye aliyekuwa hakimu wa kipimo.

Jibu la wakulima lilikuwa rahisi. Waliweka watu wao wenyewe kando ya mizani. Walikuwa wapimaji waliochaguliwa na wakulima, wajuao kusoma na kuhesabu, ambao kazi yao ilikuwa kuangalia mshale unasimama wapi na kuupima upya mzigo pale palipokuwa na shaka. Kutokana na harakati hizo, zilizoongozwa na watu kama Paul Bomani, vilizaliwa vyama vya msingi vya ushirika, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho lao, Victoria Federation of Co-operative Unions, ambalo katika muda mfupi lilikuja kuwa miongoni mwa vyombo vikubwa vya ushirika barani Afrika.

Wanafunzi wangu hulisoma jambo hili kama sura ya historia ya uchumi au ya kupigania uhuru. Mimi ninapenda walisome pia kama sura ya historia ya ulinzi. Mpimaji alikuwa jicho la wengi wanyonge likimtazama mmoja mwenye nguvu. Alijulikana kwa jina na kwa ukoo. Kama angenunuliwa na mfanyabiashara, wakulima waliomweka wangeweza kumwondoa. Jicho lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na uwezo wa kulifumba.

Mwano wa usiku

Baada ya uhuru, vyombo vilivyokuwa vikiangalia mambo ya vijiji viliondolewa kimoja baada ya kingine. Utawala wa watemi, ambao katika eneo la Bariadi ya leo uligawanyika katika nchi kama Ntuzu, Itilima, Kanadi na Dutwa, ulifutwa kisheria mwaka 1963. Halmashauri za wilaya zikavunjwa mwaka 1972. Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu kutoka maboma yao ya asili, na majirani waliozoeana wakatawanywa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikavunjwa. Kila hatua ilikuwa na sababu zake, na sina nia ya kuzihukumu hapa. Ninachosema ni kwamba ilipofika mwisho wa muongo ule, kijiji cha Usukuma kilikuwa kimebakiwa na chama, polisi wachache walio mbali, na giza.

Polisi wenyewe walikuwa wamepoteza imani ya watu. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga (na Bariadi wakati huo ilikuwa Shinyanga), watu waliokamatwa katika upelelezi wa mauaji yaliyohusishwa na imani za uchawi waliteswa, na baadhi yao walifia mikononi mwa dola. Mapema mwaka 1977, Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu akibeba dhamana ya kisiasa kwa matendo ambayo hakuyatenda yeye. Taifa linaikumbuka hatua ile kama kielelezo cha uwajibikaji, na ni haki. Lakini tusisahau upande wa pili wa kisa: wapo wanakijiji waliojifunza kwamba kumwita askari kunaweza kuwa hatari kuliko kukaa kimya.

Kisha vikaja Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, silaha zikazagaa, uchumi ukadorora, na wizi wa ng’ombe ukawa si wa kuvizia tena bali wa mapanga na bunduki. Kwa Msukuma, ng’ombe ndiyo akiba, mahari na bima ya ukame. Kuibiwa zizi ni kuporwa maisha yote ya familia kwa usiku mmoja.

Katika mazingira hayo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, sungusungu likaibuka katika maeneo ya mpakani mwa mikoa ya Shinyanga na Tabora na kuenea kwa kasi Usukumani na Unyamwezini. Jina lenyewe ni la wale chungu weusi wanaotembea kwa safu na kuuma kwa pamoja. Wao wenyewe walipenda kujiita Basalama, watu wa amani. Mtaalamu wa anthropolojia Ray Abrahams, aliyeandika makala maarufu juu yao mwaka 1987, alionyesha kuwa halikuwa genge la hasira bali chombo chenye mpangilio. Lilikuwa na mtemi wake, mtwale aliyemfuatia, katibu wa kuandika mambo, na makamanda. Silaha zilikuwa upinde na mishale. Mwizi alipoonekana, ulipigwa mwano, yaani yowe la hatari, na filimbi zikapokezana kutoka kijiji hadi kijiji, mara nyingi kwa kasi kuliko gari la polisi. Aliyesikia na asitoke alitozwa faini. Aliyekaidi alitengwa: asisalimiwe, asipewe moto, asisaidiwe kuzika.

Mzee yule wa Bariadi aliniambia, tulipoketi baadaye kwa kahawa, kwamba katika kijiji chake kulikuwa na kanuni moja ambayo vijana wa leo hawaijui. Aliyemtaja mtu kuwa mwizi alitakiwa kusimama mbele ya mkutano na kusema ameona nini, wapi na saa ngapi. Akibainika amesingizia, alitozwa faini yeye. Ndiyo maana aliuliza habari za ng’ombe. Halikuwa fumbo wala mzaha. Alikuwa akiuliza swali la utaratibu.

Hata hivyo, mwanahistoria asiyetaja uovu wa anaowapenda hafanyi historia. Sungusungu liliwapiga watu hadi kuwaua. Liliwaandama watu waliotuhumiwa uchawi, hasa wanawake wazee, katika eneo ambalo tayari lilikuwa na doa la mauaji ya vikongwe, jambo ambalo Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alilitafiti kwa miaka mingi. Mkutano wa kijiji ulikuwa mkutano wa wanaume, na mjane aliyetuhumiwa hakuwa na wa kumsemea. Kwa hiyo jicho lile lilikuwa la jamii, lakini jamii nayo ina wakubwa na wadogo.

Serikali mwanzoni ilisita, kisha chama tawala kikaliunga mkono, na mwaka 1989 Bunge likapitisha marekebisho ya sheria za mgambo yaliyolitambua na kulipa mamlaka ya kukamata. Miaka ya baadaye, chini ya Inspekta Jenerali Said Mwema, Jeshi la Polisi lilihubiri polisi jamii na ulinzi shirikishi: wazo lile lile, likiwa limevishwa sare nyingine. Somo la kihistoria hapa ni kwamba dola haikuliacha jicho la wananchi bila sheria. Ilichukua karibu muongo mzima, na watu waliumia katika kusubiri, lakini hatimaye ililiwekea mipaka.

Mji wa wakala na mlinzi

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, kwa kumega Bariadi, Maswa na Meatu kutoka Shinyanga, na Busega kutoka Mwanza. Itilima nayo ikawa wilaya. Bariadi ikawa makao makuu. Barabara ya lami ikauunganisha mji na Lamadi upande mmoja na Maswa upande wa pili, ofisi zikaja, watumishi wakapanga nyumba, na maduka yakaongezeka. Pamoja na hayo, tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, fedha ya mkulima haikai tena chini ya godoro. Inapita kwa wakala.

Mabadiliko hayo yamegeuza sura ya wizi. Zamani mali ilikuwa zizini, na kijiji kizima kiliifahamu kwa rangi na mabaka. Leo mali iko kwenye droo ya mtu mmoja, katika mji ambao nusu ya wapita njia hawafahamiani. Noti haina mabaka. Mwano ukipigwa saa nane usiku katika mtaa wa wapangaji, wengi watafunga madirisha. Wafanyabiashara wamejaribu kuchanga na kumlipa mlinzi mmoja wa safu nzima ya maduka. Mlinzi huyo ni mtu mzima mwenye koti, tochi na rungu, anayelipwa ujira mdogo, na mara nyingi ndiye wa kwanza kushukiwa duka likivunjwa.

Basi simlaumu shemeji kwa kwenda Mwanza. Amefanya alichofanya mkulima wa mwaka 1950 na mfugaji wa mwaka 1982: ametafuta jicho.

Kifaa kinachoona na kisichoona

Sasa niseme juu ya kazi yenyewe, kwani wapo wasomaji wanaofikiria kununua.

Kosa la kwanza tulilotaka kufanya lilikuwa kuziweka kamera juu kabisa chini ya paa, ili zisifikiwe. Kamera iliyo juu mno huona kofia na mabega. Ile ya mlangoni tuliishusha ielekee usawa wa uso, na tukaigeuza isitazamane na jua la jioni, kwa maana kila aliyeingia kutoka kwenye mwanga alikuwa akionekana kama kivuli. Kosa la pili lilikuwa kudhani kwamba picha zote zitakwenda mtandaoni. Hesabu ni nyepesi: kamera inayotuma picha mfululizo kwa megabiti moja tu kwa sekunde hutumia takribani gigabaiti 10 kwa siku. Kwa kamera tatu, bando la mwezi lingekwisha kabla ya wiki. Tukazipanga zirekodi kwenye kadi za kumbukumbu, na zitume arifa na kipande kifupi tu pale kihisi kinapogundua mwendo nyakati za usiku. Betri ya akiba ikaunganishwa na ruta pia, kwani kamera inayoendelea kuona huku ruta imezimika haiwezi kumwita mtu. Mwisho tukabadilisha nywila za kiwandani. Mwaka 2016, programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka kamera na ruta nyingi sana duniani kwa kutumia nywila ambazo wenyewe hawakuzibadilisha, ikazigeuza jeshi la kushambulia mitandao. Kamera isiyo na nywila nzuri ni mlinzi aliyemwachia mwizi funguo.

Lakini kifaa kizuri kiasi gani? Brandon Welsh na David Farrington, wataalamu wa sayansi ya jinai, walipojumlisha mwaka 2009 tathmini 44 kutoka nchi mbalimbali, waligundua kwamba kamera za maeneo ya umma ziliambatana na kupungua kwa uhalifu kwa wastani wa asilimia 16. Sehemu kubwa ya mafanikio hayo ilitoka kwenye maegesho ya magari, ambako upungufu ulifikia asilimia 51. Katikati ya miji matokeo yalikuwa hafifu. Kwa maneno mengine, kamera husaidia mahali palipo na mipaka, penye taa na penye mtu wa kuitikia. Peke yake, ni jicho lisilo na mikono.

Nchini mwetu pia tumeona msaada wake na kikomo chake. Mfanyabiashara Mohammed Dewji alipotekwa Dar es Salaam mwezi Oktoba 2018, Inspekta Jenerali wa wakati huo, Simon Sirro, aliwaonyesha wanahabari picha za gari lililonaswa na kamera. Picha ilikuwa mwanzo wa upelelezi, haikuwa hukumu. Sheria zetu nazo zinafuata mantiki hiyo. Marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya mwaka 2007 yaliruhusu rekodi za sauti na video katika mashauri ya jinai, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ikaitaka mahakama iangalie rekodi ilitengenezwaje, ilihifadhiwaje, na kama haikuchezewa. Mahakama, kama ule mkutano wa kijiji alionisimulia mzee, inauliza: umeona nini, wapi, saa ngapi, na tutajuaje kuwa ni kweli?

Kundi la WhatsApp haliulizi chochote kati ya hayo. Ndiyo hatari ninayoiona. Tumechukua jicho jipya lenye uwezo wa kuona gizani, tukaliunganisha na mwano wa zamani, lakini tukauacha nyuma mkutano uliokuwa katikati.

Kijana wa dirishani

Kuna jambo lingine, ambalo halikunijia hadi siku ya mwisho ya kazi. Tulipokuwa tukiangalia picha kwenye simu, nilimwona kijana wa dirisha la uwakala akiinua macho kuitazama kamera iliyokuwa juu ya kichwa chake, kisha akakaa wima. Hakusema neno. Siku ile alikula chakula chake cha mchana amesimama nje, juani.

Nilimuuliza faraghani kama kuna tatizo. Alijibu kwa adabu: “Hapana, mwalimu. Ni kwamba bosi akiwa Mwanza sasa ananiona hata nikipiga miayo.” Kwa wiki ile ya kwanza shemeji alikuwa amempigia mara nne kumuuliza kwa nini ameinuka.

Hapa ndipo historia inapogeuka kichwa chini. Mwaka 1950 macho yalitoka kwa wanyonge kwenda kwa mwenye mizani. Mwaka 1982 yalitoka kwa majirani kwenda kwa mwizi, na mara nyingine, kwa dhuluma, kwenda kwa mjane. Leo jicho linatoka kwa mwenye duka kwenda kwa mwajiriwa wake mchana kutwa, na kwa mwizi dakika tano kwa mwaka. Tena mwenye duka mwenyewe si mmiliki kamili. Sehemu ya picha zake inakwenda kwenye mitambo ya kampuni iliyo ng’ambo, kwa masharti aliyoyakubali kwa kugusa kioo bila kuyasoma. Mwaka 2023, mamlaka ya biashara ya Marekani iliituhumu kampuni ya kamera za majumbani ya Ring kwa kuwaacha wafanyakazi wake watazame video za faragha za wateja, na kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5.8. Kama yaliwakuta wateja wa huko, wenye mawakili, itakuwaje kwa mteja wa Bariadi?

Sheria ipo. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi mwezi Aprili 2024. Inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi lililo wazi na halali, zisizidi mahitaji ya kusudi hilo, zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika, na inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Wakusanyaji wanatakiwa kujisajili. Sura ya mtu kwenye video ni taarifa zake. Lakini tembea kutoka stendi ya Bariadi hadi sokoni, uliza wenye maduka kumi, kisha unieleze ni wangapi wameisikia sheria hiyo.

Kwa hiyo tuliketi, shemeji, kijana na mimi, tukaandika karatasi moja kwa Kiswahili chepesi. Kamera ya ndani ielekee droo na mlango, isielekee kiti. Picha zifutike zenyewe baada ya siku kumi na nne, isipokuwa kuna tukio. Mlangoni pabandikwe tangazo kwamba duka lina kamera. Tukio likitokea, picha ipelekwe polisi na kwa mwenyekiti wa mtaa. Isirushwe kwenye kundi lolote. Na kijana awe na haki ya kuiona picha yoyote inayotumiwa kumtuhumu. Shemeji alikunja uso kwenye kipengele hicho cha mwisho. Akasema, “Shemeji, duka ni langu.” Nikamjibu kwamba mizani nayo ilikuwa ya mnunuzi. Alinyamaza kidogo, akasaini. Aliyeishika kalamu baada yake alikuwa kijana, naye aliandika jina lake lote, majina matatu.

Karatasi ile iliandikwa wiki moja kabla ya usiku wa yule mtu wa kofia, na bado shemeji aliirusha picha kundini. “Nilipagawa,” aliniambia. Ninamwamini. Karatasi haimzuii mtu aliyepagawa saa nane usiku. Ndiyo sababu wazee walikuwa na mkutano na siyo karatasi tu.

Kwa ndugu zangu watumishi wa halmashauri: mnapotoa leseni ya biashara, kuna gharama gani kumpa mwombaji ukurasa mmoja unaoeleza wajibu wa mwenye kamera? Kwa wanaharakati: haki ya faragha si jambo la Dar es Salaam na wenye simu za bei ghali, inaanzia kwa kijana anayekula juani kwa sababu ya kamera. Kwa wanafunzi wangu: nendeni kwa wazee waliokuwa watwale na makatibu wa sungusungu kabla hawajaondoka. Waulizeni walimkamataje mwizi, lakini waulizeni zaidi walifanyaje walipogundua kuwa wamemkamata asiye mwizi. Majibu mengine yatawatia aibu. Yaandikeni pia.

Dereva yule wa bodaboda bado hupita mbele ya duka. Hajawahi kuomba fidia, na hakuna aliyemwomba radhi mbele ya watu, ingawa shemeji alimtembelea mama yake jioni moja akiwa na sukari kilo mbili. Nilipomsimulia mzee habari za sukari ile, alicheka kwa muda, akafuta macho. “Zamani,” akasema, “angetoa ng’ombe, na wote waliokuja na fimbo wangetoa mbuzi.” Kisha akapanda baiskeli yake.